Bi Koma Alivyomkomesha Mzee Suti

Ikifika Alhamisi saa tano asubuhi, mwanamke aliyekaa meza ya pili kutoka dirishani alikuwa ameshajua bendi gani itapiga wapi, itaanza saa ngapi, na mwimbaji gani ana mafua. Ofisini tulimwita Bi Koma, na jina hilo lilikuwa na sababu mbili. Alianza kazi gazetini kama msahihishaji, na hakuweza kuona koma imekaa pasipo pake akanyamaza. Tena ukimkosea alikutazama juu ya miwani, akasema neno moja tu, "Koma," nawe ulikoma.

Mimi nilikuwa mpanga kurasa. Yeye aliniita Rula, kwa kuwa rula haikunitoka mkononi hata nikienda kunywa chai. Kwa miaka kumi na mmoja tulitengeneza pamoja ukurasa wa kumi na nne, ukurasa wa muziki. Juu tuliweka habari fupi fupi: nani amepata mpiga gitaa mpya, nani yuko studio, nani kagombana na nani. Chini tuliweka orodha ya maonyesho yote ya mji kuanzia Ijumaa hadi Jumapili, kwa herufi ndogo za kufinya macho. Wenye kumbi waliukata ukurasa ule wakaubandika mlangoni. Vinyozi waliubandika kando ya kioo. Kama onyesho lako halikuwamo, ulivipigia viti vitupu.

Bi Koma hakumwamini mtu. Bendi ikileta tangazo, alipiga simu ukumbini kuhakikisha. Ukumbi ukikubali, alimtafuta mpiga ngoma wa bendi hiyo. "Kiongozi wa bendi anakwambia anachotamani," alinieleza siku moja. "Mpiga ngoma anakwambia kitakachokuwa, maana ndiye mwenye mizigo ya kubeba." Katika miaka yote hiyo hakukosea tarehe hata moja, na alijivunia jambo hilo kama wengine wanavyojivunia watoto.

Alikuwa na mdogo wake wa kike, wa baba mmoja mama mmoja, ingawa ungewaona njiani usingedhani. Bi Koma alikuwa mfupi, mnene, na mwendo wa haraka. Mdogo wake alikuwa mrefu kama mti wa bendera, na watu wa muziki walimwita Chiriku. Aliimba miaka tisa katika bendi ya mtu tuliyemwita Mzee Suti, kwa sababu alivaa suti nyeupe hata siku ya mazoezi, joto likiwa la kuyeyusha mishumaa. Katika mwaka wa saba Chiriku alitunga wimbo, na wimbo huo ndio ulioitoa bendi kwenye vilabu vya uchochoroni ukaipeleka kwenye kumbi kubwa. Watu waliuita "Mlango wa Bluu". Mafundi magari waliuimba wakiwa chini ya gari. Hata mimi nisiye na sikio la muziki nilikijua kiitikio chake:

*Nikirudi nisipouona mlango wa bluu,*
*mlango wa bluu, kofia ya kahawia,*
*nitagonga ukuta, mama atanijua.*

Kisha koo la Chiriku likaharibika. Lilianza kama kukwaruza kidogo, likawa maumivu, na daktari akasema ni vinundu kwenye nyuzi za sauti. Akapasuliwa, akaamriwa kunyamaza miezi sita. Alizungumza kwa kuandika kwenye daftari la shule. Mzee Suti alikwenda kumwona hospitali mara moja, akiwa na mpiga picha. Mwezi wa pili bendi ilikuwa na mwimbaji mwingine, binti mdogo mwenye sauti nyembamba safi. Mwezi wa saba Chiriku akaruhusiwa kufungua mdomo, na sauti ya kuongea ikarudi, nzito, kama mtu anayesema nyuma ya ukuta. Ya kuimba haikurudi. Akatafuta cherehani, akaanza kushona mapazia katika chumba cha mbele cha nyumba aliyopanga.

Siku ya shari ilikuwa Jumanne alasiri. Bi Koma alikuwa kwa mdogo wake, anamshikia kitambaa, na redio ilikuwa inalia kwenye rafu. Mtangazaji alikuwa na mgeni, na mgeni alikuwa Mzee Suti.

"Mzee, huu 'Mlango wa Bluu' ulitungwa na nani hasa?"

"Na mimi mwenyewe. Nilikuwa safarini, maneno yakanijia tu."

"Na yule dada aliyeuimba mwanzoni?"

Mzee Suti akacheka. "Aa, yule! Yule alikuwa wa kujaza jukwaa. Hata ile sauti ilikuwa kazi yangu, nilimfundisha neno kwa neno."

Cherehani ikasimama. Kisha ikaendelea, taratibu. Chiriku alishona upindo mzima wa pazia huku ameugeuza nje ndani, wala hakutambua.

"Dada, zima hiyo redio," akasema mwishowe.

Bi Koma akaizima. "Nitamkomesha."

"Achana naye. Mimi yameshanipita."

"Nimekusikia," akajibu Bi Koma. Kukubali ni neno lingine, na hakulisema.

Mzee Suti hakujua kama wale wawili ni ndugu. Bi Koma hakuwahi kukanyaga nyuma ya jukwaa. Alimjua mdogo wake kama mtoto wa nyumbani, na bendi zote alizijua kwa simu. Kwa Mzee Suti yeye alikuwa mwanamke wa gazeti, basi.

Alhamisi ile mpiga saksafoni wa bendi alipanda ngazi zetu na tangazo la onyesho la Jumamosi. Bi Koma akalipokea vizuri, akalipiga muhuri, akaliweka kwenye droo. Nilipopanga ukurasa nikaona pengo.

"Bi Koma, mbona bendi ya Suti haimo?"

"Nafasi imejaa."

"Imejaa vipi? Hapa pana mistari minne mitupu."

"Weka picha ya filimbi."

Nikaweka picha ya filimbi. Kwa wiki tano wasomaji wetu waliitazama filimbi ile, na mmoja aliandika barua kuuliza kama kuna mashindano. Ukumbi wa Mzee Suti ukaanza kupwaya. Wiki ya kwanza alisema ni mvua. Wiki ya tatu hapakuwa na mvua.

Wiki ya tano akaja mwenyewe. Manukato yake yalifika kabla yake. Akasalimia kila meza, akampa mhudumu wa chai mkono, akasimama mbele ya Bi Koma na suti yake kama mtu aliyeshuka kutoka kwenye picha ya ukutani.

"Dada yangu mpenzi," akasema, "nimekukosea nini?"

"Mimi hujanikosea kitu, Mzee."

"Basi mbona umenisahau?"

"Nani anaweza kukusahau wewe?"

Akacheka kwa furaha, akiamini amesifiwa. Alipoondoka akapitia kwa mhariri, na wenye kumbi nao walikuwa wameshalalamika. Mhariri wetu alikuwa mtu mpole, mwenye tumbo lililomtangulia, na hakuwahi kumpandishia Bi Koma sauti. Siku hiyo alimwita akafunga mlango, lakini ukuta ulikuwa wa mbao.

"Una ugomvi na mtu huyu?"

"Ninao."

"Sitaki kuujua. Ukurasa ule ni wa wasomaji, si chumba chako cha kulala umfungie nani na umfungulie nani. Watu wamekosa dansi wiki tano kwa sababu yako. Nimeeleweka?"

Bi Koma akatoka uso umemshuka. Akaenda kukaa kwenye ngazi, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya. Nikampelekea chai. Ndipo aliponisimulia habari ya Chiriku, redio na lile pazia. Alipomaliza alikizungusha kikombe mpaka chai ikapoa.

"Mhariri kasema kweli," akasema. "Tena nimekosea mara mbili. Nilitaka kumfuta kama alivyomfuta mdogo wangu. Lakini mtu kama yule ukimnyamazia, anajisemea mwenyewe, na watu wanamwonea huruma. Dawa yake si hiyo. Dawa yake ni kumwacha aseme."

Akainuka, akajikung'uta vumbi. Nilimwogopa zaidi siku ile kuliko siku zote.

Bendi ya Suti ikarudi kwenye orodha, siku sahihi, saa sahihi, herufi sawa na za wengine. Na sehemu ya juu ya ukurasa Bi Koma akaanzisha kitu kipya, safu aliyoiita "Nani Alitunga?". Kila wiki alichukua wimbo mmoja ambao mji mzima unaujua, akamtafuta aliyeutunga. Wiki ya kwanza tulimpata mpeleka barua mstaafu aliyetunga wimbo unaopigwa kwenye kila harusi, naye alikuwa hajawahi kualikwa harusini kwa sababu hiyo. Wiki ya pili alikuwa muuguzi. Wiki ya nne tuliwapata wanaume wawili waliogombania wimbo mmoja miaka ishirini, kumbe wote waliusikia kwa mpagazi wa stesheni ambaye bado yuko hai na anatunga mwingine. Watu walipenda mno. Barua zilijaa kikapu. Gazeti letu la Ijumaa likawa linaisha mapema, na mhariri akaanza kumwita Bi Koma "mama".

Kila wiki barua moja au mbili ziliuliza jambo lile lile: "Mlango wa Bluu" lini? Bi Koma hakujibu. Alikuwa anangoja, na kungoja huko kulimfaa mwili. Alinenepa.

Wiki ya tisa Mzee Suti akapanda ngazi.

"Mimi mtaniacha mpaka lini?" akauliza, nusu mzaha nusu kweli. "Mnahoji wapagazi, mimi mnaniruka?"

Bi Koma akavua miwani, akaifuta. "Wewe huwekwi robo ukurasa, Mzee. Wewe nimekuwekea ukurasa mzima. Si mnaadhimisha miaka ishirini na mitano ya bendi?"

"Jumapili ya mwisho wa mwezi, alasiri, ukumbi mkubwa!"

"Basi nitakuweka Ijumaa ya kabla yake."

Mzee Suti akashika kifua kwa shukrani.

Mahojiano yalifanyika Jumatatu kwenye chumba chetu cha mikutano, penye meza ndefu na kalenda ya mwaka uliopita. Nilikuwapo, maana Bi Koma alitaka shahidi. Mzee Suti alieleza utoto wake, gitaa lake la kwanza, na jinsi alivyoianzisha bendi akiwa na spika moja iliyopasuka. Hayo yalikuwa kweli, na aliyasimulia vizuri. Kwa dakika chache nikampenda. Kisha Bi Koma akafungua ukurasa mpya wa daftari.

"Tuje kwenye 'Mlango wa Bluu'. Ulitunga mwenyewe?"

"Kila neno."

"Mlango wenyewe ni mlango gani?"

"Ni mlango wa moyo, dada."

"Kwa nini bluu?"

"Bluu ni mbingu. Ni matumaini."

"Na kofia ya kahawia?"

Hapo akakohoa. Akatazama kalenda. Sidhani kama katika miaka yote aliyousimamia wimbo ule aliwahi kujiuliza kofia inafanya nini mlangoni.

"Kofia," akasema. "Sikia. Palikuwa na bwana mmoja, mshindani wangu kwa msichana fulani. Alikuwa anavaa kofia ya kahawia. Nikifika kwa msichana naikuta imetundikwa mlangoni. Najua mwenzangu ameshatangulia."

"Pole. Na mama?"

"Mama yupi?"

"'Nitagonga ukuta, mama atanijua.'"

"Ah, huyo ni mama wa msichana."

"Kwa hiyo msichana yuko ndani na bwana wa kofia, nawe unagonga ukuta, ili mama mtu akujue?"

"Alinipenda sana yule mama," akasema Mzee Suti, akacheka. Bi Koma naye akatabasamu, na kalamu haikusimama. Alipomaliza akamsomea yote tangu mwanzo, neno kwa neno, akamwomba atie sahihi chini ya kila ukurasa. Mzee Suti akatia, kwa mbwembwe.

"Koma zote ziko mahali pake?" akatania.

"Zote ziko mahali pake, Mzee."

Siku ya pili yake asubuhi alinichukua mimi na mpiga picha, tukaenda mtaa ulio nyuma ya hospitali. Mama yao Bi Koma na Chiriku alikuwa dobi wa hospitali ile, na alikuwa ameshafariki. Walipokuwa watoto, hospitali ilipakwa rangi wodi moja, na mafundi wakamwachia nusu kopo la bluu. Akaupaka mlango wa nyumba aliyopanga, akianzia chini. Rangi ikamwishia kabla hajafika juu, kiasi cha shubiri mbili, na sehemu ile ikabaki na kahawia yake ya zamani. Majirani wakasema mlango wa dobi umevaa kofia. Kitasa chake kilikuwa kibovu, hakifunguki kwa nje, kwa hiyo watoto wakirudi shuleni waligonga ukuta upande wa kitanda cha mama, mara tatu na moja, naye akajua ni nani.

Mlango ulikuwapo. Umepauka, umechunika, fundi umeme aliyepanga pale ameuongezea komeo, lakini kofia yake ilionekana kutoka ng'ambo ya barabara. Bi Koma akasimama mbele yake. Nilidhani atalia. Akamwambia mpiga picha, "Piga mpaka juu kabisa. Usikate kofia."

Nyumba ya pili palikuwa na bibi mmoja, mstaafu wa kule kule kufulia. Alikumbuka kila kitu. "Watoto wa dobi walikuwa wanaimba hivyo hivyo wakigonga," akasema. "Tulisikia wimbo redioni tukasema, kumbe yule mrefu ametusema." Alasiri tukampata mpiga ngoma wa bendi nyumbani kwake. Aliposikia tunachouliza aliinamisha kichwa, akatazama viatu vyake. Kisha akasema alikuwapo siku Chiriku alipouleta wimbo mazoezini, akiuimba huku anagonga kreti la soda, mara tatu na moja, na Mzee Suti alisema ni wa kitoto, hautapendwa.

"Niandike jina?" akauliza Bi Koma.

"Liandike," akajibu mpiga ngoma. "Nimechoka kunyamaza."

Mhariri alisoma makala mara mbili. "Huyu Chiriku ni nani wako?"

"Mdogo wangu."

Mhariri akafumba macho kidogo. "Na maoni yako wewe yako wapi humu?"

"Hayamo. Hakuna neno langu hata moja ila maswali."

"Basi andika kwamba ni mdogo wako. Liwe jambo la kwanza msomaji analosoma."

Akaandika. Nikaupanga ukurasa: kushoto maneno ya Mzee Suti kama alivyoyasema, katikati mlango kuanzia juu hadi chini, kulia yule bibi na mpiga ngoma. Mimi nilitaka kichwa cha habari cha kuchoma. Bi Koma akakataa. Akaandika maneno matatu tu: "Kofia ya Nani?"

Gazeti lilitoka Ijumaa asubuhi. Saa nne nilipita kwa kinyozi wangu, nikamkuta anasoma kwa sauti, mteja akiwa amenyolewa nusu kichwa, wote wamefika pale pa mama wa msichana na hawawezi kuendelea kwa kucheka. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Mwanamke mmoja alisema sokoni kwamba mume wake akichelewa kurudi, yeye atatundika kofia.

Jumapili saa tisa alasiri ukumbi mkubwa ulijaa kuliko ulivyowahi kujaa. Bi Koma alivaa gauni lake la kijani la sherehe, akanunua tiketi kama mtu mwingine yeyote, tukakaa safu ya nne. Sijui kwa nini Mzee Suti alikuja. Labda aliamini watu hawasomi. Alipiga nyimbo mbili, suti inang'aa, na watu wakapiga makofi ya kawaida, nikaona mabega yake yakishuka kwa nafuu.

Ndipo mlango wa nyuma ukafunguka, wakaingia mafundi magari wapata kumi na watano, kila mmoja na kofia ya kahawia. Nyingine zilikuwa kofia kweli. Nyingi walizikunja wenyewe kwa karatasi ya mfuko wa saruji. Wakatembea katikati ya ukumbi kwa adabu kama watu wanaokwenda kutoa mkono wa pole, wakakaa safu ya mbele.

"Kofia!" mtu akapiga kelele. Ukumbi ukalipuka. "Kofia! Kofia!"

Mzee Suti akamwashiria yule mwimbaji binti, auanze "Mlango wa Bluu", akidhani wimbo utawatuliza. Binti akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Alipofika kwenye kugonga ukuta, watu wakagonga: viti, kuta, sakafu. Yeye akadhani wanamzomea, akaacha wimbo katikati, akakimbilia nyuma ya pazia akilia. Mzee Suti akachukua kipaza sauti.

"Jamani," akasema, "muziki ni wetu sote."

Kutoka safu za nyuma sauti ya mzee mmoja, pole kabisa, ikauliza, "Na mama wa msichana hajambo?"

Sijawahi kusikia kicheko kama kile. Hata mpiga besi alijificha nyuma ya gitaa lake. Mzee Suti alisimama, mdomo wazi, jasho likichora mistari kwenye poda aliyojipaka. Akaweka kipaza sauti chini polepole, kama kitu cha moto, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Bi Koma hakucheka. Alikaa mikono mapajani, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshiba.

"Umeridhika?" nikamnong'oneza.

"Bado. Tazama, Rula. Usipitwe na kitu."

Jumatatu Mzee Suti alikuja ofisini, na hakuwa na suti. Alivaa shati la mikono mifupi, na bila ile suti alikuwa mzee mwembamba tu. Nilimhurumia. Bi Koma hakumpa hata kiti.

"Sasa nimejua wewe ni nani," akasema Mzee Suti. "Ulinitega."

"Nilikuuliza maswali. Ungejibu 'sijui', ningeandika hujui."

"Umeniua, mwanamke."

"Mimi? Wewe ulimwona mdogo wangu kitandani, hana sauti, ukapigwa naye picha. Kisha ukaenda redioni ukasema alikuwa wa kujaza jukwaa. Ulijua hawezi kukujibu. Ungejua ana dada, ungesema?"

Akavuta kola ya shati lake.

"Nataka marekebisho," akasema hatimaye. "Ile habari ya kofia haikuwa hivyo."

"Ilikuwaje?"

"Sikumbuki vizuri."

Ijumaa hiyo marekebisho yalitoka, chini ya orodha, kwa herufi zile zile ndogo: "Wiki iliyopita tuliandika kwamba kiongozi wa bendi alisema kofia ya kahawia ilikuwa ya mshindani wake. Ametuomba turekebishe. Anasema hakumbuki ilikuwa ya nani." Watu waliyakata wakayabandika kando ya vioo. Baada ya mwezi mmoja mpiga ngoma alihama, wengine wakafuata, na Mzee Suti akaenda mji mwingine kupiga gitaa kwenye hoteli moja wakati wageni wanakula. Wimbo ulipotolewa upya, jina la mtunzi lilikuwa la Chiriku. Redio ile ile ikamwita. Akaenda, akajitaja kwa sauti yake nzito ya nyuma ya ukuta, akaeleza kopo la rangi, akarudi kwenye mapazia yake. Nusu ya mji ilitaka mapazia ya bluu.

Lakini nimeruka jambo. Ijumaa ile ya kwanza Bi Koma alimpelekea mdogo wake gazeti yeye mwenyewe, mbio, akihema, kama mtoto anayepeleka cheti nyumbani. Chiriku alilisoma akiwa amesimama. Akaliweka juu ya cherehani.

"Hukuniuliza," akasema.

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ndiyo maana mtu huulizwa, dada. Ule mlango ulikuwa wangu, na wako, na wa mama. Sasa ni wa kila mtu."

Hakumsemesha tena kwa miezi miwili. Bi Koma alikula chakula chake mezani kwake ofisini, peke yake, na hakulalamika. Nilimwuliza kama anajuta. Akafikiri. "Kwa Chiriku najuta," akasema. "Kwa yule, hata robo."

Kisha Alhamisi moja nikasikia hatua ngeni kwenye ngazi, nikainua kichwa nikamwona Chiriku mlangoni, anainama kidogo kwa urefu wake. Hakuwahi kufika pale. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye meza ya dada yake, akaweka karatasi.

"Yule binti aliyekuwa na bendi ya Suti amepata bendi nyingine. Anaimba Jumamosi alasiri. Tangu siku ile hakuna aliyemwita ila hawa. Mwandike."

Bi Koma akaisukuma karatasi. "Aliimba wimbo wako."

"Alipewa maneno akaambiwa imba. Mimi nilipewa mangapi?"

"Sitaki."

"Dada."

Bi Koma akaivuta karatasi. Akapiga simu ukumbini. Akapiga kwa mpiga ngoma wa bendi hiyo. Akaandika, mstari wa mwisho kabisa wa orodha, herufi ndogo. Chiriku akainama juu ya bega lake, akatazama.

"Mwandike juu. Kwenye habari. Na jina lake lina a mbili mwishoni, umeandika moja."

Chumba kizima kikatega masikio. Hakuna mtu aliyewahi kumsahihisha Bi Koma mezani kwake. Akatazama juu ya miwani, akafungua mdomo, akaufunga. Akafuta, akaandika upya, juu, jina zima. Akanipa karatasi bila kunitazama.

Chiriku akavuta kiti, akaketi. Chini yetu mashine za uchapaji zilikuwa zinaunguruma.

"Nasikia bado unafuatilia yuko wapi," akasema Chiriku.

"Nafuatilia."

"Hujamsamehe?"

"Hapana."

Chiriku akaikunja mikono yake mirefu kifuani. "Wala mimi," akasema. "Niambie, hiyo hoteli wanamlipisha chakula au anakula jikoni?"